Korosho, Mchoro na C: Namna ya Kuviunganisha Bila Kupoteza Kilo ya Mkulima

Kuanzia Oktoba, korosho ghafi zinapoanza kushuka kutoka mashambani kwenda kwenye maghala ya Nachingwea na Ruangwa, kila mzigo huandamana na namba zake. Kuna uzito, kuna unyevu, kuna idadi ya korosho katika kilo moja, na kuna kipimo ambacho wanunuzi hukiita KOR, yaani paundi za kiini kinachofaa zinazotarajiwa kupatikana katika gunia la kilo 80. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliojengwa juu ya sheria ya mwaka 2005 na kuanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, umezifanya namba hizo zipite mikono mingi. Mkulima hupeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, AMCOS huupeleka ghala kuu, na chama kikuu, ambacho kwa upande wetu ni RUNALI inayounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, husimamia mnada.

Makala hii nawaandikia vijana wa wilaya hizi waliosoma umeme, elektroniki au kompyuta, na ambao wanajua kutengeneza programu kwa kuchora: wanaweka visanduku kwenye skrini, wanavuta waya kutoka kimoja hadi kingine, na data inatiririka. LabVIEW, iliyotolewa na National Instruments mwaka 1986, ndiyo maarufu zaidi kwa kazi za vipimo. Zipo pia Xcos, inayokuja na Scilab bila malipo, na Node-RED iliyoanzia IBM mwaka 2013. Ukizitumia kusoma mizani au kipima unyevu, utafika mahali ambapo mchoro hautoshi na utataka kuita fanksheni iliyoandikwa kwa lugha ya C. Hapo ndipo wengi hukwama. Programu hufunga ghafla, au, jambo baya zaidi, huendelea kufanya kazi huku ikitoa namba isiyo sahihi.

Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja. Mpaka kati ya mchoro na C uwe mwembamba, uandikwe kabla ya kitu kingine chochote, na upimwe kwa namba ambazo mtu yeyote anaweza kuzikokotoa kwa kalamu. Mengine yote yanafuata hapo.

Amua kwanza kipi kiende C

Usihamishie kila kitu kwenye C kwa sababu tu unaijua. Mchoro una nguvu zake. Unaonyesha mtiririko wa data kwa macho, unakupa vitufe na grafu bila jasho, na mtu mwingine anaweza kuufuata bila kusoma mistari mamia. Skrini, vitufe, kuhifadhi faili na ratiba ya kusoma vihisi viache kwenye mchoro.

Kwenye C peleka mambo ya aina tatu. La kwanza ni kanuni inayoamua fedha za watu, kama vile KOR au unyaufu, yaani uzito unaopotea korosho zikikauka, kwa sababu kanuni hiyo inapaswa kukaa mahali pamoja, isomeke, na itumike ileile kwenye kompyuta ya ghala, kwenye simu na kwenye kifaa kidogo chenye chipu. La pili ni kazi ya kuchezea biti. Chukua chipu ya HX711, inayotumika sana kwenye mizani za kujitengenezea. Hutoa namba ya biti 24 yenye alama ya hasi au chanya, kuanzia −8,388,608 hadi 8,388,607. Kuigeuza iwe namba ya biti 32 bila kuharibu alama yake ni mistari miwili ya C, lakini kwa waya ni msitu wa visanduku. La tatu ni maktaba iliyokwisha kuandikwa na mtengenezaji wa kifaa. Kama ameshakupa faili la .dll au .so pamoja na maelezo yake, huna haja ya kuanza upya.

Kisichoingia katika makundi hayo matatu, kiache kwenye mchoro.

Andika makubaliano ya mpaka

Kabla hujafungua kompyuta, chukua karatasi moja. Andika jina la fanksheni. Chini yake andika kila kinachoingia: jina lake, aina yake, kipimo chake na mipaka yake. Kisha andika kinachotoka, na mwisho andika namba za makosa na maana ya kila moja.

Usiruke sehemu ya kipimo. Kompyuta haijui tofauti ya gramu na kilo. Haijui pia kama unyevu wa 9 maana yake ni asilimia 9 au 0.09. Kwenye mchoro waya ni waya, na kwenye C `double` ni `double`. Anayejua tofauti ni wewe, na usipoiandika, atakayekuja baada yako hatakuwa na pa kuisoma.

Ukichagua aina za namba, tumia zile zenye ukubwa unaojulikana. Katika C, aina iitwayo `long` huwa na baiti 4 kwenye Windows ya biti 64, lakini huwa na baiti 8 kwenye Linux ya biti 64. Fanksheni iliyofanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya ofisini inaweza kuharibika ukiihamishia kwenye kompyuta ndogo ya Linux iliyoko ghalani, na hutaona sababu kwa macho. Tumia `int32_t`, `int64_t` na wenzake kutoka faili la `stdint.h`, ambalo limo katika C tangu kiwango cha mwaka 1999. Kwa namba zenye desimali tumia `double`.

Usipitishe kifurushi chenye vitu mchanganyiko mpakani kama unaweza kukiepuka. Kompaila ya C huacha nafasi tupu kati ya vitu ili vikae vizuri kwenye kumbukumbu. Kifurushi chenye herufi moja na `double` moja kwa kawaida huchukua baiti 16 kwenye mashine ya biti 64, ingawa kwa hesabu ya kawaida ungetarajia 9. Upande wa mchoro ukivipanga kwa namna tofauti, kila kitu kinasomwa mahali pasipo pake. Pitisha kila kimoja peke yake. Mistari itaongezeka kidogo, lakini usiku wako utakuwa wa usingizi.

Mfano kamili: KOR

Tuchukue kipimo cha KOR. Mpimaji huchukua sampuli, mara nyingi kilo moja. Huzikata korosho, kisha hutenga viini katika mafungu. Viini vizuri huhesabiwa uzito wake wote. Vyenye madoa au visivyokomaa huhesabiwa nusu ya uzito. Vilivyooza au vilivyo tupu havihesabiwi. Uzito unaofaa hugawanywa kwa uzito wa sampuli, huzidishwa kwa kilo 80 za gunia, kisha huzidishwa kwa 2.20462 ili kilo ziwe paundi.

Kwa C inakuwa hivi:

```c
#include <stddef.h>
#include <stdint.h>

/* Uzito wote ni gramu. Jibu ni paundi kwa gunia la kilo 80. */
int32_t kor_paundi(double sampuli, double nzuri,
                   double nusu, double *jibu)
{
    if (jibu == NULL) return -1;
    if (!(sampuli > 0.0)) return -2;
    if (!(nzuri >= 0.0) || !(nusu >= 0.0)) return -3;
    if (nzuri + nusu > sampuli) return -4;

    *jibu = (nzuri + nusu / 2.0) / sampuli * 80.0 * 2.20462;
    return 0;
}
```

Angalia mambo manne hapo. Kwanza, fanksheni hairudishi jibu moja kwa moja. Hurudisha namba ya hali. Sifuri maana yake ni salama, na namba hasi hutaja kosa. Jibu lenyewe hupitia kwenye pointa. Hivyo mchoro hauwezi kuchanganya kosa na kipimo, na sampuli yenye KOR ya sifuri haitafanana na mizani iliyokatika waya.

Pili, masharti yameandikwa kwa kukanusha: si "kama sampuli ni ndogo kuliko au sawa na sifuri", bali "kama si kweli kwamba sampuli ni kubwa kuliko sifuri". Kihisi kikileta thamani isiyo namba, kama ile inayotokana na sifuri kugawanywa kwa sifuri, kila ulinganisho wa kubwa au ndogo nayo huwa si kweli. Namna ya kwanza ingeiruhusu ipite. Namna hii inaizuia mlangoni.

Tatu, upo ukaguzi wa akili ya kawaida: viini haviwezi kuzidi sampuli iliyovitoa. Mpimaji akibonyeza sifuri moja ya ziada, mara nyingi kosa litaonekana palepale kabla halijafika kwenye karatasi ya mnada.

Nne, fanksheni haihifadhi chochote ndani yake kati ya wito mmoja na mwingine. Itakuja kuonekana huko mbele kwa nini jambo hilo ni la thamani.

Kutengeneza maktaba

Kwenye Linux, amri hii itakutengenezea faili la maktaba:

```
gcc -O2 -Wall -Wextra -shared -fPIC -o libkorosho.so korosho.c
```

Kwenye Windows, ukiwa na kompaila ya MinGW, faili litaitwa `korosho.dll` na `-fPIC` haihitajiki. Ukitumia kompaila ya Visual Studio, kwa kawaida utahitaji kuweka `__declspec(dllexport)` mbele ya fanksheni, la sivyo maktaba itatengenezwa bila kuonyesha jina lolote kwa nje. Na kama faili lako lina mwisho wa .cpp, kompaila ya C++ hubadilisha majina ya fanksheni kwa ndani. Zingira tangazo la fanksheni kwa `extern "C"`, au liite faili .c na umalize kazi.

Kabla ya kwenda kwenye mchoro, hakikisha jina lipo. Kwenye Linux andika `nm -D libkorosho.so`, na kwenye Windows `objdump -p korosho.dll`. Usipoliona `kor_paundi` kwenye orodha, hata mchoro hautaliona.

Halafu kuna suala la biti. LabVIEW ya biti 32 haiwezi kupakia maktaba ya biti 64, hata kama Windows yenyewe ni ya biti 64. Kinyume chake ni vilevile. Kinachotakiwa kulingana na maktaba ni mazingira ya mchoro, na toleo la Windows halisaidii kitu. Ukiambiwa maktaba haipakiki ilhali faili unaliona mahali pake, anza uchunguzi hapo. Kisha angalia kama maktaba yako inategemea maktaba nyingine ambayo ipo kwenye kompyuta yako lakini haipo kwenye ile ya ghalani.

Kuiunganisha ndani ya mchoro

Katika LabVIEW, kisanduku cha kazi hii kinaitwa Call Library Function Node. Ukikifungua utaombwa mambo machache, na kila moja linahitaji uangalifu.

Weka njia ya faili na jina la fanksheni herufi kwa herufi, maana C hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Katika utaratibu wa wito chagua C, isipokuwa kama mtengenezaji wa maktaba amesema waziwazi kwamba anatumia stdcall. Kwa thamani inayorudi, chagua namba kamili ya biti 32 yenye alama. Kwa vigezo vitatu vya kwanza chagua `double` ya baiti 8, vipitishwe kwa thamani. Cha nne ni `double` ileile, lakini kipitishwe kama pointa ya thamani. Chini ya dirisha hilo utaona tangazo la fanksheni ambalo LabVIEW imelielewa. Lilinganishe na tangazo lililo kwenye faili lako la C, neno kwa neno. Sekunde chache za kulinganisha mistari hii miwili huondoa sehemu kubwa ya matatizo ambayo watu huyatafuta siku nzima.

Kiwango cha ukaguzi wa makosa kina ngazi tatu. Wakati wa kujenga, weka cha juu kabisa. Programu itakwenda polepole kidogo, lakini LabVIEW itakusaidia kugundua kama C imeandika nje ya nafasi iliyopewa. Ukishamaliza majaribio, rudisha cha kawaida.

Kisha usiiache ile namba ya hali ikining'inia bila waya. Iunganishe na kisanduku cha maamuzi. Ikiwa si sifuri, skrini ionyeshe kwa Kiswahili kilichotokea, kwa mfano "Uzito wa viini umezidi sampuli, pima tena", na kitufe cha kuhifadhi kifungwe. Mtunza ghala hahitaji kusikia habari ya −4. Anahitaji kujua afanye nini.

Jambo dogo litakalokusumbua: ukitaka kutengeneza upya maktaba huku mchoro umefunguliwa, Windows itakataa kwa sababu faili linatumika. Funga mchoro kwanza.

Safu za namba na matini

Namba moja moja hazina taabu. Taabu huanza pale unapopitisha safu, kwa mfano vipimo 80 ambavyo HX711 inaweza kutoa kwa sekunde moja, ili C itoe wastani na kutupa vile vilivyoruka mbali.

Kanuni ya kushika ni hii: C haijui urefu wa safu uliyoipa. Inapokea anwani ya mwanzo tu. Kwa hiyo, kila safu iandamane na namba ya urefu wake, na fanksheni isivuke urefu huo kamwe. Kama C itajaza safu ya majibu, mchoro lazima uitengee nafasi yake kabla ya wito, kwa kuanzisha safu yenye sifuri nyingi kadiri majibu yatakavyohitaji. Kuituma safu tupu kwa kutarajia C itaikuza ndicho chanzo kikubwa cha programu kufunga ghafla. Na si lazima ifunge mara ile. Huweza kuharibu sehemu nyingine ya kumbukumbu na kufunga dakika kadhaa baadaye, ukiwa kwenye kazi nyingine kabisa, na wewe ukaanza kulaumu kisanduku kisicho na hatia.

Kumbukumbu iliyotengwa upande mmoja iachiliwe na upande huohuo. C ikitenga kwa `malloc`, C ndiyo iachilie, kupitia fanksheni nyingine uliyoiandika kwa kazi hiyo. Ila kwa kazi za ghalani, njia bora ni C isitenge kitu. Mchoro utenge, C ijaze, basi.

Matini pia ni safu. C hutambua mwisho wake kwa baiti ya sifuri, kwa hiyo nafasi unayotenga iwe na baiti moja zaidi ya herufi ulizonazo. Na uhesabu baiti, usihesabu herufi. Jina kama Narung'ombe, kata iliyoko Ruangwa, lina baiti 11 likiandikwa kwa alama ya kawaida ya kibodi. Likinakiliwa kutoka kwenye waraka uliochapwa kwa alama ya mkunjo, alama hiyo peke yake huchukua baiti 3 katika UTF-8, na jina zima linakuwa na baiti 13. Aliyetenga nafasi ya 12 ameshaharibu kumbukumbu. Kwa sababu hiyo nashauri majina ya vijiji na vyama yabaki kwenye mchoro, na kwenye C ipite namba ya utambulisho peke yake.

Thredi na kusubiri

LabVIEW itakuuliza kama fanksheni iendeshwe kwenye thredi ya skrini au kwenye thredi yoyote. Kama hujui maktaba imeandikwaje, chagua thredi ya skrini, kwa sababu wito utakwenda mmoja baada ya mwingine. Gharama yake ni kwamba C ikisubiri mizani ijibu kwa sekunde kumi, skrini nzima itaganda sekunde kumi, na mtunza ghala atadhani kompyuta imekufa na kuizima.

Fanksheni kama `kor_paundi`, isiyohifadhi kitu ndani yake, inaweza kuitwa kutoka thredi yoyote, hata mara nyingi kwa wakati mmoja, bila kudhuriana. Hiyo ndiyo faida ya ule uamuzi wa nne. Ile inayosoma kifaa iwe na kikomo cha kusubiri kilichopitishwa kama kigezo, kwa mfano milisekunde 500, na muda ukiisha irudishe namba ya kosa. Mchoro ndio uamue kujaribu tena au kumwita fundi.

Pima kidogo kabla ya kupanua

Nachingwea inajua gharama ya kupanua kabla ya kupima. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalishushwa na mapori yakafyekwa. Kwa ajili ya upande wetu wa kusini ikajengwa reli, pamoja na bandari ya Mtwara. Udongo na mvua havikuwa vimechunguzwa vya kutosha katika mashamba madogo ya majaribio. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, ukiwa umemeza mamilioni ya paundi. Programu yako ni ndogo mno mbele ya mradi ule, lakini utaratibu wa kuepuka hasara ni uleule: pima kipande kidogo, ukiamini ndipo uongeze kingine.

Andika programu ndogo ya C isiyo na mchoro wowote, inayoita fanksheni yako kwa namba unazozijua. Kwa sampuli ya gramu 1,000, viini vizuri gramu 260 na vya nusu gramu 24, uzito unaofaa ni gramu 272, na KOR ni 47.97. Sampuli ya sifuri irudishe −2. Kwa sampuli ya gramu 1,000, viini vizuri gramu 900 na vya nusu gramu 200 virudishe −4. Zikikubali, pitisha namba zilezile kwenye mchoro. Majibu yakitofautiana, tayari unajua kosa liko mpakani, maana C imekwisha kuthibitishwa.

Fanya hivyo pia kwa unyaufu. Hapa kuna hesabu ambayo watu wengi huikosea hata bila kompyuta. Tani moja yenye unyevu wa asilimia 12 ikikauka hadi asilimia 9, imepungua kilo ngapi? Wengi hutoa 9 kwenye 12, wakapata asilimia 3, yaani kilo 30. Sivyo. Kinachobaki bila kubadilika ni sehemu kavu, kilo 880. Baada ya kukauka, kilo hizo 880 ni asilimia 91 ya uzito mpya. Kwa hiyo uzito mpya ni 1,000 mara 88 gawanya kwa 91, yaani kilo 967.03. Upungufu ni karibu kilo 33. Tofauti ya takriban kilo 3 kwa tani, kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo ambayo serikali ilitangaza mwaka 2018, ni shilingi 9,800 hivi. Kwa tani 100 ni karibu shilingi 980,000. Kosa la aina hii likijificha ndani ya maktaba linaweza kumtwisha mtunza ghala deni la kilo ambazo hakuziiba, au kumnyima mkulima kilo alizozileta.

Hifadhi majaribio hayo pamoja na programu. Kila unapogusa mstari wa C, yaendeshe yote tena kabla ya kupeleka faili ghalani.

Njia nyingine na suala la leseni

LabVIEW ina toleo la jumuiya lililotolewa mwaka 2020, la bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara. Kwa kujifunza nyumbani linafaa kabisa. Kwa kazi ya kulipwa, leseni inanunuliwa, na uiweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kama bajeti haipo, Scilab na Xcos yake hukuruhusu kuandika C ndani ya kisanduku kiitwacho CBLOCK4, alimradi kompaila imewekwa kwenye kompyuta. Node-RED ina njia rahisi zaidi: kisanduku cha exec, ambacho huendesha programu kamili ya nje, huipa namba kwenye mstari wa amri na kusoma ilichoandika. Njia hii si ya haraka kama maktaba, lakini C ikianguka inaanguka peke yake na mchoro unaendelea. Kwa ghala linalopima gunia moja kila baada ya muda, kasi si tatizo, nami ningeichagua hiyo bila kusita. Kasi ina maana pale vipimo vinapokuja kwa maelfu kila sekunde, kama inavyoweza kutokea kwenye mitambo ya kuchakata kinywe, madini ambayo Ruangwa imejaliwa.

Popote ulipo, pakua kila kitu mapema: kompaila, kisakinishi, na maelezo ya vifaa. Viweke kwenye diski mbili tofauti. Intaneti ikikatika katikati ya msimu usiwe ndipo unatafuta faili. Umeme nao hukatika, kwa hiyo mchoro uhifadhi kipimo ghafi kwenye diski kabla ya kuita C, ili hesabu iweze kurudiwa.

Kabla ya kuikabidhi

Mizani na vipimo vya biashara ni vya kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Kifaa ulichokitengeneza mwenyewe kitumie kujifunza, kuhakiki hesabu na kuweka kumbukumbu, na kisichukue nafasi ya mizani iliyohakikiwa mpaka nacho kipitie utaratibu huo. Kwa mambo ya ubora wa korosho yenyewe, Bodi ya Korosho na watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, Mtwara, ndio wa kuulizwa kanuni ipi itumike. Kazi yako ni kuiandika kanuni yao kwa uaminifu.

Unapokabidhi, kabidhi vitu vitatu pamoja na mchoro: faili la C lenye maelezo ya Kiswahili, majaribio yake, na ile karatasi ya makubaliano ya mpaka. Maktaba iliyokwisha kukompailiwa bila chanzo chake itakufanya wewe uwe mtu pekee unayeweza kuirekebisha, na siku utakayohamia Dodoma kutafuta kazi, ghala litabaki na sanduku lililofungwa.

Kisha kaa na mtunza ghala na katibu wa AMCOS, uwape kikokotoo na mzigo mmoja halisi, wapige hesabu ya unyaufu wao wenyewe mpaka walingane na skrini. Wakishindwa kulingana, usiwaambie kompyuta haikosei. Fungueni faili la C na muufuate mstari pamoja. Mkulima atakapouliza kilo zake 33 zimekwenda wapi, jibu litolewe na mtu wa ghalani, kwa kalamu, mbele yake.